Hamasa Imeisha, Nifanyeje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malengo na Mazoea

Maswali haya huulizwa na watu wa kila namna: anayejifunza lugha mpya, anayetaka kupunguza mwili, anayerudia masomo aliyoyakatiza, anayejaribu kuweka akiba. Malengo hutofautiana, malalamiko ni yale yale. Sikuyapanga kwa umuhimu, kwa hiyo ruka unapotaka.

Wiki ya kwanza nilikuwa moto. Mbona sasa hata kugusa sitaki?

Hiyo ndiyo nguvu ya soda. Chupa ikifunguliwa povu hupanda, kisha hutulia, na hakuna wa kulaumiwa. Hamasa ni hisia kama hisia nyingine. Mtu aliyekasirika Jumatatu hashangai hasira ikiwa imepoa kufikia Ijumaa. Hamasa ikipoa, hata hivyo, anajiita mvivu, anaanza kujitafutia kasoro, na mara nyingi anaacha jambo zima kwa kudhani kuwa kutojisikia ni ushahidi kwamba hakulitaka tangu mwanzo.

Mwenye mazoea hajiulizi kama anajisikia. Angalia unavyopiga mswaki. Hujawahi kuamka ukasema leo sina motisha ya mswaki. Pengine kweli huna, ila mkono umeshaufikia kabla hujaulizwa. Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti ambao watu waliombwa kuandika kila saa walichokuwa wakikifanya na walichokuwa wakikiwaza. Takriban asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa ya kujirudia karibu kila siku, mahali pale pale, na mara nyingi akili ilikuwa kwingine kabisa. Karibu nusu ya siku, basi, huenda bila hamasa yoyote.

Basi hamasa haina kazi?

Ina kazi, ila ni ya muda mfupi. Udongo uwahi ungali maji. Siku ile unapowaka, usiitumie hamasa kukimbia mpaka miguu ivimbe. Itumie kwa mambo ya kufanya mara moja tu ambayo yatakusaidia siku utakayokuwa umepoa: jiandikishe darasani, futa programu inayokula saa zako, panga akiba ikatwe yenyewe kabla pesa hazijakufikia mkononi, ongea na mwenzako mpange siku. Yule wewe wa wiki ya tatu atakuwa mtu mchovu na mwenye visingizio. Mwandalie njia angali hajafika.

Tabia na mazoea si kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kawaida tunayachanganya, na hata mimi huteleza. Lakini neno tabia tumelibebesha hukumu. Ukisema fulani ana tabia ya kuchelewa, umeshamsema nafsi yake, na mwenyewe akikubali hujibu "ndivyo nilivyo", mlango ukafungwa. Mazoea ni kitu ambacho mwili umekizoea, na kilichozoewa kinaweza kuzoeleka upya. Ukijisikia unasema "ni tabia yangu kuahirisha", jaribu kusema "nimezoea kuahirisha". Halafu jiulize: nimezoea kuahirisha nini, saa ngapi, nikiwa wapi? Mara nyingi utakuta huahirishi kila kitu. Unaahirisha kazi za aina moja, wakati mmoja wa siku, ukiwa umekaa kwenye kiti kile kile na simu ikiwa upande wa kulia.

Ni kweli kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea?

Hapana, ingawa namba hii haitokufa leo. Asili yake ni daktari wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Aliona wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo, akayaandika hayo mwaka 1960. Waliomfuata walilidondosha neno "angalau", wakadondosha na habari ya upasuaji, ikabaki namba tupu.

Kipimo cha kuaminika zaidi kilifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifunga na tukio la kila siku, wakafuatiliwa kwa wiki 12. Muda wa katikati wa jambo kuwa la kujiendea ulikuwa siku 66. Aliyewahi zaidi alitumia siku 18, na aliyechelewa zaidi alikadiriwa kuhitaji 254. Nasema alikadiriwa kwa sababu utafiti wenyewe haukufika huko. Namba hiyo ilipatikana kwa hesabu. Mambo mepesi, kama kunywa maji, yalizoeleka upesi, na mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado unajisukuma, hujashindwa. Uko palepale walipokuwa wengi wa watu hao.

Nimeandika lengo langu vizuri, nimelibandika ukutani. Mbona haliendi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limewahi kupimwa wazi. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa chochote cha maana. La pili lilisomeshwa maelezo ya kuamsha hamasa: faida za mazoezi, hatari za magonjwa ya moyo. La tatu lilipata maelezo hayo hayo, kisha likaombwa kuandika ni siku gani, saa ngapi na mahali gani kila mmoja angefanya mazoezi wiki ijayo. Katika kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya. Katika kundi la pili, lililojazwa hamasa, asilimia 35. Katika kundi la tatu, asilimia 91.

Rudia kuzisoma namba hizo taratibu. Hamasa peke yake haikumwinua mtu kitini. Kilichomwinua ni sentensi moja yenye siku, saa na mahali.

Mtaalamu aliyelisoma sana jambo hili ni Peter Gollwitzer, na muundo anaoupendekeza ni rahisi: likitokea hili, nitafanya lile. Mimi huuita kufunga kwenye kigingi. Mbuzi asiyefungwa utamtafuta kijiji kizima, na nia isiyofungwa ni vivyo hivyo. Kigingi kizuri ni kitu ambacho tayari hutokea kila siku bila wewe kukipanga: kuvua viatu ukirudi kazini, kufunga mlango, kuweka simu chaji, kupiga mswaki. "Nitasoma zaidi mwaka huu" haina kigingi. "Nikishaweka simu chaji sebuleni usiku, nitafungua kitabu kilicho juu ya mto wangu" ina kigingi, na zaidi ya hapo imeiacha simu sebuleni.

Nilipoanza kujifunza lugha ya kigeni nilijiwekea saa nzima kila usiku. Nilidumu siku tisa. Daftari lilikuwa kwenye rafu, na kila siku lilizidi kufunikwa: nguo moja, kisha bahasha, kisha chaja isiyofanya kazi ambayo hakuna aliyetaka kuitupa. Lilipofunikwa lote, nalo somo likafa. Mara ya pili nililiweka daftari juu ya mto, kalamu ikiwa ndani kwenye ukurasa wa kuandikia. Siwezi kulala bila kulishika. Nikishalishika, naandika sentensi tatu, au moja nikiwa hoi. Kuna kurasa zina sentensi moja tu, mwandiko umeinama kama umelewa usingizi. Ila zipo.

Sentensi moja kwa siku itanifikisha wapi kweli?

Kama lengo ni kumaliza haraka, haitakufikisha. Kazi ya kipimo kidogo mwanzoni ni kukuzoesha kuanza, maana kuanza ndiko kunakokataa. Ukishakaa, mara nyingi utaendelea. Ukitaka kuongeza, ongeza jambo likishaanza kujiendea lenyewe, si kwa sababu jana ulijisikia vizuri.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana. Wapo wanaong'ang'ania kipimo kidogo mwaka mzima, kisha wanalalamika kuwa hawaoni mabadiliko. Dakika mbili za mazoezi ni mlango. Ukisimama tu mlangoni miezi kumi na miwili, usishangae hujaiona nyumba.

Niwaambie watu lengo langu au nikae kimya?

Inategemea unalisemaje. Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayelenga kuwa mtu fulani, mwanasheria kwa mfano, nia yake ikishatambuliwa na mwingine, baadaye huifanyia kazi kidogo kuliko ambaye nia yake haijatambuliwa. Zile pongezi zinampa ladha ya kufika kabla hajaondoka. Sote tunamjua mtu aliyetangaza kuwa anaandika kitabu, na mpaka leo anapongezwa kwa kitabu ambacho hakipo.

Kwa hiyo badala ya kutangaza ndoto, toa ahadi inayoweza kudaiwa. Ahadi ni deni, na deni lina mdai. Mwambie mtu mmoja: "Ijumaa jioni nitakutumia kurasa mbili, nisipotuma niulize." Chagua atakayeuliza kweli. Rafiki mpole anayesema "usijali, utafanya siku nyingine" ni rafiki mzuri, lakini kwa kazi hii hafai.

Utashi wangu ni dhaifu. Kuna namna ya kuuongeza?

Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walieneza wazo kwamba utashi ni kama akiba: ukiutumia kukataa jambo moja, unapungua kwa jambo linalofuata. Wazo likapendwa sana. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia jaribio la namna hiyo kwa watu zaidi ya 2,000, na athari iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri. Mabishano hayajaisha, lakini mimi nisingejenga maisha juu ya wazo hilo, wala nisingelitumia kama kisingizio cha jioni.

Ukiwatazama watu wenye nidhamu kwa karibu, utaona hawapigani na vishawishi kutwa nzima. Wameviweka mbali. Simu iliyo chumba kingine haihitaji utashi. Iliyo kifudifudi mezani inahitaji, kila dakika. Pima kila jambo kwa hatua: jema liwe karibu kwa hatua mbili, baya liwe mbali kwa hatua ishirini. Nguo za mazoezi zilale karibu na kitanda. Nywila ya mchezo iwe ndefu na isijihifadhi yenyewe. Ni hila za kitoto, nakubali, na zinafanya kazi kwa sababu ukichoka wewe pia ni mtoto.

Nijipe zawadi nikifanikiwa?

Kwa uangalifu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wakachora, wakapewa. Wiki chache baadaye hao hao walitumia muda mfupi zaidi kuchora kwa hiari kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua.

Kama jambo unalipenda tayari, usilitie mshahara. Kama hulipendi na ni lazima, zawadi ndogo ya papo hapo husaidia, nayo ikae ndani ya jambo lenyewe ikiwezekana: hadithi ya kusikiliza ambayo huisikilizi popote ila ukiwa unatembea, au kiti kizuri kilichotengwa kwa kusoma tu. Zawadi kubwa ya mwisho wa mwaka iko mbali mno, mwili hauielewi.

Kujiona nimefanikiwa akilini kunasaidia?

Kunapendeza. Kusaidia ni habari nyingine. Gabriele Oettingen na Thomas Wadden mwaka 1991 waliwafuata wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, lakini waliojichorea picha tamu za mafanikio walipungua kidogo kuliko waliojiona wakipata vikwazo. Kutarajia na kuota si kitu kimoja. Ushauri wa Oettingen tangu hapo ni kuwaza matokeo mazuri, kisha papo hapo kuwaza kizuizi kilicho ndani yako, na kukipangia. Kizuizi kitaje kwa jina lake. "Muda" mara nyingi si jina lake. "Nikirudi najilaza dakika tano na simu, zinakuwa tisini" ndilo jina lake.

Malengo mangapi kwa wakati mmoja?

Mshika mawili moja humponyoka. Anza na moja. Ukiniuliza kwa mara ya pili nitakujibu hivyo hivyo.

Mbona kila mpango wangu huchukua muda mrefu kuliko nilivyopanga?

Kwa sababu wewe ni binadamu. Katika utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao walikadiria wastani wa siku 34. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na nusu. Unapopanga, hutazami yaliyokupata mara iliyopita. Unatazama hadithi nzuri ya safari hii. Angalia kazi ya mwisho iliyofanana na hii ilikuchukua muda gani, uandike muda huo, hata kama moyo unakataa.

Nimeruka siku nne. Nianze upya kuhesabu?

Usihesabu upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwenye utafiti ule wa siku 66, kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mazoea yaliendelea kujijenga. Siku nne ni zaidi ya moja, sawa, lakini kinachoua mazoea kwa kawaida ni mazungumzo yanayofuata: "nimeshaharibu, basi ngoja Jumatatu", kisha "ngoja mwezi uanze". Mwanzo mpya una mvuto wa kweli, watu huchangamka mwanzo wa wiki na mwanzo wa mwaka, ila ukiugeuza kuwa sharti utapoteza siku nyingi ukisubiri tarehe ipendeze.

Rudi leo, kwa kipimo kidogo kabisa, na usijaribu kulipa deni. Aliyekosa siku nne akaamua kufanya za siku tano kwa mpigo kesho yake huamka ameumia, akakosa nyingine sita. Halafu uliza kilichokuangusha. Ukianguka mara tatu mahali pale pale, hilo ni shimo, lizibe. Wewe huna kosa.

Niweke alama kila siku kwenye kalenda?

Kama unafurahia kuona mstari ukirefuka, weka. Watu wengine mstari huwageuka: siku ukikatika wanavunjika moyo zaidi ya walivyostahili. Mimi naandika tarehe juu ya sentensi zangu, basi. Mapengo yanaonekana, lakini hayanipigii kelele.

Na mazoea mabaya je, yanaachwaje?

Kuacha ni kugumu kuliko kuanza, kwa sababu mazoea hayafutiki kama maandishi ya chaki. Njia ya kawaida ni kubadilisha kinachofuata baada ya kile kichocheo. Kwa wiki moja usijizuie. Andika tu kila mara unapolifanya: saa ngapi, uko wapi, umehisi nini dakika moja kabla. Utashangaa. Anayedhani anakula ovyo kwa njaa hugundua ni kila baada ya simu ya bosi. Hapo una kigingi: nikikata simu ya bosi, natoka nje nizunguke jengo mara moja. Uraibu wa pombe, sigara au dawa ni jambo jingine; hauondoki kwa mbinu za ukurasa kama huu, na kuacha pombe ghafla baada ya kuizoea sana kunaweza kuhatarisha maisha. Huko nenda kwa mhudumu wa afya.

Nitajuaje kama ni uvivu au ni kitu kikubwa zaidi?

Mvivu hakosi hamu na kila kitu. Hana hamu na kazi, lakini akiitwa kwenye jambo alipendalo anaruka. Kama hamu imetoweka hata kwa vitu ulivyovipenda, au huzuni haiondoki, hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, na usingizi, hamu ya chakula au nguvu za mwili zimebadilika, hiyo inaweza kuwa sonona. Inatibika. Muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili kabla hujajilaumu kwa miezi mingine. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii.

Nikisafiri au nikihama, mazoea yangu yatakufa?

Yanaweza, maana kigingi kimebaki ulikotoka. Wood na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliohamia chuo kingine, wakachapisha mwaka 2005: mazoea yaliendelea pale ambapo mazingira yalifanana, na yalivurugika pale yalipobadilika. Hii ni habari mbaya kwa mazoea mema na njema kwa mabaya. Ukihamia nyumba mpya, amua kabla ya usiku wa kwanza simu italala wapi, kwa sababu itakapolala usiku ule ndipo itakapolala mwaka mzima. Ukiwa safarini, beba kigingi kidogo. Daftari langu huingia mkobani la mwisho, juu ya nguo zote, na nikifika hutoka la kwanza na kuwekwa juu ya mto hata kabla sijavua viatu.